Hindi la Kahindi

Mvua yatufungia,
paa la bati lalia,
na chaki imesalia
kipande tu mkononi.

Kahindi, nimekuona,
chini ya dawati, mwana,
hindi choma watafuna,
lanukia darasani.

Usifiche, sikuchapi,
ila nijibu: ni wapi
lilikotoka? Ni yapi
makao yake zamani?

"Sokoni!" asema Dama.
"Shambani Gede, kwa mama!"
Shebwana naye akwama:
"Kwani... latoka Hindini?"

Jina lakudanganya tu.
Halikuanzia kwetu,
wala Hindi; ni la watu
wenyewe wa Marekani.

Huu mstari ni bara
letu; mawimbi nachora.
Kadzo, wacha kunikera,
tazama hapa pembeni.

Nchi yao ina mito,
misitu, baridi, joto;
mama hulima, mtoto
huwinga ndege shambani.

Mia nne na zaidi
ya miaka, bila hodi,
meli tatu zikazidi
kusogea ufukoni.

Waume na wavulana,
Waingereza; hapana
mke, wala wa kukuna
nazi humo safarini.

Wakajenga boma, ua
wa magogo; wachagua
kinamasi cha kuua,
maji chumvi kisimani.

Mto ule una jina,
lakini hawakuona;
wakaubatiza tena
la mkuu wa enzini.

Ni kama hapa Sabaki
mtu aje na sanduki,
aseme: "Jina sitaki,"
auite la nyumbani.

Kampuni yao yataka
dhahabu. Kutwa wasaka,
na jembe hawakushika,
mbegu zimo guniani.

Mgeni siku mbili tu,
na jembe siku ya tatu:
ndivyo twasemavyo kwetu,
na bibi zenu nyumbani.

Ila wao, siku mia
zapita, na wangojea
wenyeji kuwapikia
mahindi yao chunguni.

Wakapewa. Mara moja,
mara mbili. Wakangoja
tena. Na kisha wakaja
na bunduki mikononi.

Nyumba za watu wachoma;
wenyeji nao wagoma
kuuza chembe. Huruma
ikaishia njiani.

Kipupwe kikawashika
ngomeni; wakaandika
kwamba panya walipika,
na ngozi ya viatuni.

Msicheke. Njaa ile
ilizika wengi pale,
hata wavulana wale
wa rika lenu, jamani.

Kisha wakapata mali:
si dhahabu, si asali,
ni tumbako, jani kali
la kutilia kikoni.

Na jani hilo lataka
shamba jipya kila mwaka;
ua nao ukaruka
hadi kwa jirani, ndani.

Mwanaesha ainua
mkono: "Nalitambua!
Kwetu jiwe hutembea
la mpaka, kiwanjani."

Nanyamaza. Namwambia
aketi. Na sijatua:
meli nyingine yatia
nanga, na watu pinguni.

Ni Waafrika wenzetu
toka Angola; si vitu,
wana majina, ni watu,
wakauzwa bandarini.

"Je, wenyewe walikwisha?"
Dama sauti ashusha.
Wapo, na hawajakwisha,
waishi kando mtoni.

Wachache, kwa kipande tu
cha nchi; ila ni watu,
na mbegu yao ni kitu
hicho, Kahindi, menoni.

Na muhogo, pia nyanya,
nanasi, navyo changanya:
bara lile lilifanya
karamu yetu jikoni.

Kwetu lilivyofikia
ni kisa kingine pia;
kesho nitawatajia
Mreno wa mnarani.

Mvua sasa yapungua,
chaki nayo yaishia.
Kahindi anikatia
nusu hindi kiganjani.

Nala. Lina pilipili,
ndimu, na chumvi kamili,
na jambo jingine, hili:
aliyetupa ni nani?